Mwanamke Aliyepita Kimya Mbele ya Shujaa

Nikareta amezikwa, na kwa kuwa amezikwa, habari hii sasa inaweza kusimuliwa bila kumkosea yeye wala kumkosea Shujaa. Alipokuwa hai isingewezekana. Kwanza, asingempa mtu nafasi. Ungeanza sentensi, yeye angeimaliza, kisha angekuongezea nyingine arobaini za kwake.

Kijijini kwetu, chini ya mlima Helikoni, hapajatokea mwanamke mwenye maneno mengi kama yule. Hakuwa na ulimi mbaya, wala hakusengenya kuliko wengine. Maneno yalimtoka tu, kama maji yanavyotoka kwenye mwamba bila kuangalia kama kuna mwenye kiu. Alipokwenda kuomba chumvi kwa jirani yake Hedea, alianza na mtu aliyeileta chumvi ile kutoka pwani, akaingia kwa punda wa mtu huyo, kisha kwa mama wa punda, kisha kwa aliyemuuza mama wa punda. Hedea alijifunza kumwona kwa mbali na kumpokea mlangoni na chumvi tayari mkononi. Haikusaidia kitu.

Mumewe, Lampon mwana wa Kalias, alikuwa mfuga mbuzi, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo aliwapa mbuzi. Alipenda sana kulala. Watu walisema Zeus alikuwa amewatengea wale wawili fungu moja la maneno, akaona uvivu kuligawa, akamtupia mke lote.

Na mwanamke wa namna hiyo, kila siku alfajiri, alilazimika kunyamaza.

Njia ya kwenda chemchemini ilipita mbele ya kaburi la Shujaa. Lilikuwa jengo la mawe la watu wa kale, la duara kama mzinga wa nyuki, nusu yake limefunikwa na udongo, na mlango wake mrefu mweusi ulielekea kijijini. Hakuna aliyejua jina la aliyelala mle. Tulijua tu kwamba alikuwa mtu wa enzi zile ambazo miungu walishuka kupigana bega kwa bega na wanadamu, kwamba mkuki wake sisi tusingeweza kuuinua, na kwamba hapendi kelele. Ukipita pale unafunga mdomo. Chakula kikianguka chini ya meza hukiokoti, maana ni chake. Mchungaji mmoja aliwahi kupita huku akipiga mluzi, na kabla ya mavuno uso wake ulipinda upande mmoja. Tangu siku hiyo kila akinywa supu, nusu ilirudi bakulini. Tena kulikuwa na sheria ya wazee. Atakayevunja ukimya makusudi atafukuzwa ng'ambo ya bonde, asipewe moto wala maji, ili hasira ya Shujaa imfuate yeye na kukiacha kijiji.

Nikareta alimcha Shujaa kwa moyo wake wote. Kupindwa mdomo kwake kungekuwa kama mtu mwingine kukatwa miguu yote miwili. Basi alikuwa akizungumza njia nzima, na mawe, na mtungi wake, na mtini wa Hedea uliokataa kuzaa; akifika kwenye jiwe la mpaka anakaza midomo, anabana pumzi, anapita hatua sitini mashavu yamevimba, kisha upande wa pili anaendelea na sentensi ileile pale alipoiachia. Wanawake waliokuwa wakimfuata walibana vicheko kwa kuwa nao walitakiwa kunyamaza.

Kitu kimoja zaidi kilimchosha, nacho ni nyimbo za vita. Kila mwaka, mwisho wa baridi, mapipa ya mvinyo mpya yanapofunguliwa, alikuja mwimbaji aitwaye Fanias na kinubi chake. Fanias alikuwa na sauti nzuri na jicho lililojua kuchagua nyama. Aliimba jinsi shujaa fulani alivyokutana na mwenzake uwanjani, na kabla ya kurushiana mikuki kila mmoja alitaja baba yake, na babu yake, na mji wa babu yake, na mungu aliyelala na mama wa babu yake. Watu walitokwa na machozi. Nikareta alisonya.

"Mtu amekuja kukuua," alimwambia mumewe, "na wewe unamsimulia babu yako alifuga farasi wangapi. Mimi nikikutana na adui nitakuwa nimeshafika nyumbani yeye bado yuko kwa shangazi yake."

Lampon alimtazama kwa muda. Pengine alikuwa akifikiria habari ya chumvi.

Mwaka ule sikukuu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mvinyo ulikuwa mkali, nyama ilitosha, na alfajiri iliyofuata hakukuwa na mwanamume mmoja kijijini aliyeweza kusimama bila kushika ukuta. Fanias mwenyewe alilala chini ya meza, mahali pa vyakula vya Shujaa. Nikareta alichukua mtungi wake, ule wenye mshikio uliowahi kuvunjika, ambao Lampon aliutengeneza kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kuufunga ukanda wa ngozi ya mbuzi. Akaenda kuteka maji.

Alikuwa katikati ya zile hatua sitini, mashavu yamejaa, alipowaona. Watu kama ishirini, wenye ngao za ngozi na mikuki mifupi, walikuwa wakipanda kwa kuinama kutoka bondeni kuelekea mazizini. Walikuwa watu wa Tefra, ng'ambo ya bonde, ambao tangu enzi za mababu wanaiba mbuzi wetu na sisi wao. Wawili walikuwa wameshafika kwenye uzio wa zizi la Lampon, mmoja akilegeza kamba.

Nikareta aliruka ndani ya mlango wa kaburi kujificha. Mtungi ukagonga jiwe, ukapasuka. Hakuna aliyesikia.

Alisimama mle gizani, mgongo kwenye mawe baridi, na akaelewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, akinyamaza, mbuzi wote wamekwenda, na mlinzi yeyote atakayeamka amechanganyikiwa na mvinyo atachomwa mkuki akiwa bado anatafuta viatu. La pili, akipiga kelele, atakuwa amepiga kelele ndani ya nyumba ya Shujaa kabisa, si nje njiani kama yule mchungaji na mluzi wake.

Aliomba moyoni, bila kutikisa mdomo, na ilikuwa sala fupi kuliko yoyote aliyowahi kuomba. "Bwana, niko mlangoni kwako na sina pengine pa kusimama. Niachie ulimi wangu. Nami sauti hii nakupa wewe. Sitasema kuwa ni yangu, si kwa mume wala kwa jirani, mpaka nizikwe."

Kisha akavuta pumzi.

Sasa, kaburi lile lilijengwa na watu waliojua kazi. Ndani ni duara tupu, mawe yamepandana mpaka juu, na sauti ikiingia mle haitoki ilivyoingia. Ya Nikareta iligonga ukuta wa nyuma, ikazunguka, ikakua, ikatoka mlangoni nene na nzito kama ya mafahali kumi waliofungiwa shimoni. Na alichosema ni hiki:

"Lampon! Lampon mwana wa Kalias, mjukuu wa Deinias aliyepanda mizeituni! Gunia la usingizi wee, amka! Watu wa Tefra wako zizini!"

Ndiyo. Hata saa ile alianza na baba na babu. Mizeituni nayo ilijipenyeza.

Watu wa Tefra waligeuka wakaona mlango mweusi wa kaburi ukinguruma. Hakuna aliyengoja kumsikia baba wa babu. Walitupa ngao ili miguu iwe myepesi, wakashuka bondeni kwa magoti na kwa makalio, na wanaume wetu walipotoka na mikuki, wengine wameishika kinyume, walikuta ngao saba, kiatu kimoja, na mbuzi wakiwa wametulia wanatafuna kamba. Mtu hata mmoja hakujeruhiwa, isipokuwa Fanias aliyeinuka ghafla chini ya meza.

Nikareta alizunguka nyuma ya kilima kupitia mashamba ya mizabibu, akafika nyumbani kwa upande wa pili. Jambo la kwanza alilofanya ni kujishika mdomo. Ulikuwa umenyooka. Akajaribu kusema jina lake mwenyewe, polepole. Likatoka.

Lampon alirudi mchana akiwa na vumbi magotini.

"Mtungi uko wapi?" aliuliza.

"Umevunjika chemchemini," mkewe alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuongeza neno.

Lampon alikaa akavua viatu. "Mitungi huvunjika," alisema.

Kilichofuata ndicho kilichomtesa. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia, na kila mmoja alikuwa amesikia zaidi ya mwenzake. Wazee walikaa wakajadili, wakakubaliana kwamba aliyeita ni Shujaa mwenyewe. Ushahidi ulikuwa wazi. Nani mwingine humwita mtu kwa jina la baba na la babu wakati wa vita? Wanadamu wa siku hizi huita tu "wewe". Hata lile tusi lilikuwa la heshima, walisema, maana mashujaa hutukanana hivyo kabla ya pigano, kupandishana moyo. Na kwa kuwa Shujaa alimtaja Lampon peke yake, kati ya wanaume wote, ni dhahiri kuna jambo aliloliona kwake. Wakaamua kuwa tangu siku ile, kila dhabihu itakapochomwa, Lampon mwana wa Kalias atapewa kipande kirefu cha mgongo, kile kinene chenye mafuta, ambacho hukatiwa mtu wa heshima.

Hedea alikuja jioni hiyo kumweleza Nikareta mambo kama vile yeye hakuwepo kijijini. Alisema sauti ile ilimsisimua mpaka kwenye meno.

"Shoga yangu, hiyo ni sauti ya kiume," alisema Hedea. "Hawa wetu wa siku hizi wanaongea kama vyura. Nawe ulikuwa wapi, hata ukakosa?"

Nikareta aliuma mkate kipande kikubwa ili mdomo uwe na kazi.

Aliteseka hivyo mwaka mzima. Alizungumza kama zamani juu ya punda na juu ya chumvi, lakini mazungumzo yalipokaribia alfajiri ile aligeuka ghafla kama mtu aliyekanyaga mwiba. Na mikono yake ikawa mizembe mezani. Mkate ulimponyoka, jibini ikamponyoka, siku moja paja zima la kuku lilimponyoka, na yeye hakuinama kuokota. Lampon alitazama paja lile likiwa chini, akalisogeza kwa mguu, taratibu, mpaka likafika mahali pa Shujaa.

Mwisho wa baridi mapipa yalifunguliwa tena na Fanias akaja na wimbo mpya. Alisema Muza wa Helikoni, mungu wa kike wa nyimbo, amempa wimbo huo, maana yeye mwenyewe alikuwa chini ya meza. Katika wimbo, Shujaa alipata jina, Agestor. Jina hilo hakuna aliyewahi kulisikia, lakini lilikaa vizuri kwenye mstari. Athena alishuka kutoka mbinguni kama mwewe, akamgusa Agestor kifuani, akamwambia kuwa watu wake wamezingirwa. Adui hawakuwa ishirini. Walikuwa elfu mbili na magari ya farasi. Ares, mungu wa vita, alikuwa upande wao, akakasirika mpaka kofia yake ya shaba ikabadilika rangi. Agestor akainuka, akasimama mlangoni, akanguruma. Watu walilia. Hedea alilia kuliko wote.

Nikareta, aliyekaa na wanawake kando ya ukuta, alivumilia Athena. Alivumilia Ares na kofia yake. Lakini Fanias akafika kwa Lampon. Lampon wa kwenye wimbo hakuwa amelala. Aliitwa Lampon Asiyesinzia. Alikuwa ameketi mlangoni tangu usiku wa manane akinoa mkuki, na Shujaa alimwita kwa sababu jicho lake peke yake ndilo lililokuwa wazi katika nchi nzima.

Nikareta alisimama.

Fanias aliacha kupiga kinubi. Watu wote waligeuka. Mwanamke yule alikuwa amesimama kabisa, mdomo wazi, kidole hewani, na kila aliyemjua aliona kwamba kuna maneno mengi sana nyuma ya meno yale. Akamtazama mumewe. Lampon alikuwa na kipande chake cha heshima mkononi, na uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu, hofu ambayo mkewe hakuwahi kuiona hata siku mbwamwitu alipoingia zizini. Alidhani mumewe anaogopa kunyang'anywa ile nyama.

Kisha akahisi ulimi wake ulivyokaa mdomoni, laini, mzima, tayari, na akakumbuka ni kwa masharti gani uko pale.

"Chumvi," alisema Nikareta. "Nilitaka kusema nyama haina chumvi."

Akakaa. Watu walicheka mpaka wakapigana vibao mgongoni, Fanias akasubiri heshima irudi, na Lampon akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Jioni ile, kama kila baada ya dhabihu, alirudi nyumbani na nusu ya kipande cha mgongo akiwa ameifunga kwenye jani la mtini, akaiweka mbele ya mkewe. Nikareta aliila kwa hasira. Ilikuwa tamu.

Ikapita miaka thelathini hivi. Wimbo ulikua, na safari ya mwisho Fanias kuja, adui walikuwa wamefika elfu kumi, na mmoja kati yao alikuwa na kichwa cha ziada. Lampon Asiyesinzia alilala kila mchana chini ya mzeituni wa babu yake na watu walipita kwa kunyata, wakisema anaongea na Shujaa. Nikareta alizeeka akiongea. Alipita mbele ya kaburi kila alfajiri amekaza midomo, mashavu yamevimba, na siku moja moja aliinamisha kichwa kidogo kuelekea mlangoni, kama wanavyosalimiana watu wawili wenye biashara ya siri.

Halafu ugonjwa ukamshika, na ukamshika kooni. Kwanza sauti ikawa nyembamba, kisha ikawa ya kukwaruza, kisha ikabaki pumzi tu. Wanawe walidhani hilo ndilo litakalomuua. Hedea aliyekuwa mzee sasa alikuja na chumvi bila kuombwa, akakaa kando ya kitanda akasubiri habari ya punda. Ilipokosekana, akaondoka akijifuta macho.

Mchana mmoja Lampon alifunga mlango. Alitoa kwenye kapu la zana kitu kilichofungwa katika ngozi, akakiweka juu ya blanketi. Ulikuwa mshikio wa mtungi, wenye risasi na ukanda wa ngozi ya mbuzi.

Nikareta aliutazama muda mrefu.

"Nilifika mimi wa kwanza," alisema Lampon. "Mimi ndiye niliyeitwa. Vipande vilikuwa mlangoni pa kaburi, nikaviokota vyote, vingine nikavitupa bondeni, huu nikauweka. Wazee wangekufukuza, mke wangu. Ng'ambo ya bonde, bila moto." Akanyamaza, kwa kuwa maneno ya mwezi mzima yalikuwa yameshamwishia, kisha akayapata mengine mahali fulani. "Siku ile ulikuwa umeshaniamsha miaka mitano kwa maneno yale yale, gunia la usingizi, mjukuu wa Deinias. Ningeshindwaje kuijua sauti ile? Waliposema ni Shujaa, nikasema ni Shujaa. Waliponipa nyama, nikaila. Siku uliposimama mbele ya Fanias nilidhani nimekupoteza."

Machozi yalishuka kwenye mashavu ya Nikareta, na chini ya machozi kulikuwa na kicheko. Miaka thelathini mizima, mwanamume yule kimya namna ile, na yeye kimya namna hii, kila mmoja akimlinda mwenzake chini ya dari moja. Alifungua mdomo. Lampon aliinama, sikio karibu na midomo yake, akingoja neno ambalo kwa hakika mkewe alikuwa akitamani kulisema kuliko alivyowahi kutamani chochote. Lakini alikuwa bado hajazikwa.

"Mtungi," alinong'ona Nikareta, "ulivunjika chemchemini."

Lampon alimtazama, na kidogo kidogo akaelewa kwamba kuna mtu mwingine katika mapatano haya, mkubwa kuliko wao wawili.

"Ndiyo," alisema. "Mitungi huvunjika."

Nikareta alikufa siku ya tatu. Tulimbeba kabla jua halijatoka, kama desturi, na wanawake waliomboleza njia nzima mpaka kwenye jiwe la mpaka. Pale wakanyamaza, wakapita hatua zile sitini mikono kifuani. Hakukuwa na mtu asiyefikiria kwamba leo ndiyo mara ya kwanza Nikareta anapita hapa bila kubana pumzi.

Katikati ya ukimya Lampon alitoka kwenye mstari. Alikwenda mpaka kwenye mlango mweusi, akauweka ule mshikio kwenye kizingiti, na akasema kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia:

"Bwana, asante kwa kumwachia ulimi wake. Sasa anakuja kukaa jirani yako. Utamzoea."

Watu waliganda. Wazee walitazama mdomo wake, wakingoja upinde. Haukupinda. Basi wakakumbuka huyu ni Lampon, aliyewahi kuitwa kwa jina la baba na la babu, wakaona si ajabu. Hao wawili wanajuana. Wakainua jeneza, wakaendelea, na walipovuka jiwe la upande wa pili wanawake wakaanza tena kulia, kutoka pale pale walipoachia.